Kilima Nilichosema Nakijua

Nikisema nina aibu nasema kidogo, maana hadi leo nikipita sokoni Salamabila hakosi mtu wa kuniuliza kama nimerudi salama kutoka Lusangi, na wote wanacheka, na mimi nacheka nao, nitafanyaje.

Mimi ni mchimba dhahabu, na kazi yangu ni kuchagua mahali pa kutoboa (wenzangu husema nasoma mawe, na sifa hiyo ilinilewesha). Wakati huo nilikuwa nimemposa Mwajuma, binti wa Papa Amisi, mwenye shimo letu, nikawa nasubiri jibu. Mchana mmoja Papa Amisi akatuonyesha kwenye simu picha aliyotumiwa: udongo mwekundu, mawe yaliyopasuka, na kamashine ka magurudumu sita kakiwa kametoboa jiwe tundu safi kabisa.

"Huku ni wapi?" akaniuliza.

Sikujua. Lakini nikamfikiria Mwajuma, nikajibu, "Papa, huku ni nyuma ya Lusangi. Ninapajua." (Ulimi huu!)

Kesho yake tukaondoka kwa pikipiki tano, watu wawili nyuma ya kila dereva, na sululu na makarai, mimi mbele nikionyesha njia nisiyoijua. Tulizunguka vilima mpaka saa sita, Papa Amisi akilinganisha picha na kila mteremko, nami nikisema, "Mbele kidogo, Papa." Mwishowe alichoka, akasimama kwenye shule ya Lusangi, akampa mwalimu simu.

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango. "Papa, huku haiko duniani! Ni Marsi, sayari ingine."

Wanafunzi wakacheka, wenzangu wakacheka, dereva wangu akakaa chini kabisa. Papa Amisi peke yake hakucheka. "Na ile mashine, nani anaiongoza?"

"Hakuna mutu kule. Neno la huku kwetu linachukua dakika nyingi kufika, basi wameiwekea akili: inaangalia mawe, yenyewe inachagua ile yenye inafaa."

Hapo nilisahau aibu, nawaapia. Kumbe kuna kitu kinafanya kazi yangu mimi, peke yake, kwenye udongo ambao haujawahi kukanyagwa na mtu! Waliokuwa wanacheka wakasogea, vichwa vyetu vyote juu ya simu moja, na jana yake picha ileile nilikuwa nimeiangalia nikaona dhahabu tu.

"Na kama haijui njia?" Papa Amisi akauliza.

"Inasimama, Papa. Inatuma picha, inauliza."

Akanigeukia polepole. "Unasikia? Inauliza."

Tukarudi Salamabila. Jibu la posa alilipitisha kwa kaka yangu wiki hiyohiyo: nisubiri kwanza. Basi nasubiri, na mtu akiniuliza kama Mwajuma nitampata, namwambia ukweli, kwamba sijui.