Kamba ya Baba na Mvua ya Isansa

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Isansa mvua ikichelewa watu hawakutazama mawingu. Walimtafuta mtu. Na mtu mwenyewe hakuwa mgumu kumpata, maana siku zote alikuwa yule anayefyatua matofali. Hoja yao naiandika kama nilivyoisikia: matofali mabichi yakinyeshewa hurudi kuwa udongo, kwa hiyo mwenye matofali lazima kaifunga mvua. Watu wazima, wenye ndevu na vyeti vya ubatizo, waliridhika na akili ya namna hiyo.

Mwaka huo mwenye matofali alikuwa baba yangu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufika kijijini, naye alipouza yake akaamua tuhame nyumba ya nyasi iliyovuja hadi vitandani. Alifyatua peke yake, akayapanga matofali uani yakauke kabla ya kuyachoma. Alikuwa na kamba ya mkonge ya kupimia msingi, na kila fundo kwenye kamba hiyo lilikuwa mwisho wa chumba. Fundo la tatu lilikuwa langu. Nililishika kila jioni, nikajiona tayari nimelala peke yangu, bila wadogo zangu kunipiga mateke.

Novemba ikaisha kukiwa kukavu. Upepo wa kusini-mashariki uliendelea kuvuma, mkavu wa kupasua midomo, na mahindi ya waliowahi kupanda yakaota yakanyauka. Kisimani wasichana wenzangu wakanicheka, wakasema nyumba ya matofali kwetu ni ndoto. Nikawajibu kwa majivuno kwamba baba ana kamba, ina mafundo, na moja ni langu. Nikarudi nyumbani na ndoo kichwani, nimeridhika kabisa.

Kesho yake wanakijiji wakaja. Mbele alikuwa Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, ambaye Jumapili iliyopita alituongoza katika sala ya kuombea mvua. Inaelekea hakuwa na imani kubwa na sala yake.

"Baba Sekela," alisema, "tunakuomba kwa heshima. Ifungue."

"Nifungue nini, mzee wangu?"

"Hiyo kamba. Tumesikia ina mafundo."

Baba akaileta, akawaonyesha: hapa sebule, hapa chumba chetu, hapa cha Sekela. Wakatazamana wale majuha, wakatikisa vichwa kana kwamba amekiri. Mzee Lazaro akayafungua mafundo moja moja kwa meno yake machache. Kisha wakamwaga maji juu ya matofali, ndoo kwa ndoo, maji ya kisima kilekile walichokuwa wanalia kwamba kinakauka. Yaliyobaki wakayaponda kwa miguu. Baba alisimama mlangoni. Mama alilia ndani.

Siku ya pili yake mvua ikanyesha kutwa nzima.

Walishangilia njia nzima, na Mzee Lazaro akapita nyumba kwa nyumba akipokea shukrani, matope hadi magotini. Dereva wa lori la kahawa aliyetoka Tunduma siku hiyo alisema ng'ambo ya mpaka, Zambia, mvua ilikuwa na siku ya nne. Mafundo yalikuwa yamefunguliwa jana yake tu. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza, lakini hakuna aliyetaka kuipiga. Sisi tukaendelea kulala chini ya nyasi, tukisogeza vitanda kukwepa matone.

Sasa nafundisha jiografia Vwawa. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi matungamo ya hewa, yaani hewa nyingi iliyokaa mahali hadi ikachukua tabia ya mahali pale. Ile ya kusini-mashariki hutufikia ikiwa kavu, maji yake imeyaacha kwenye milima ya njiani. Ile ya Kongo imelala juu ya misitu na mito, imeshiba unyevu. Ya kwanza ikilegea, ya pili huingia kutoka magharibi, na mvua zetu zinaanza. Haiulizi nani anajenga. Nachora mishale kwa chaki, na kila mshale namchoma nao Mzee Lazaro, ingawa alishazikwa. Sijamsamehe, wala sijajaribu.

Baba alipougua, nilimchorea mishale ile nyuma ya kalenda. Nilitaka ajue kwamba hakuwa na kosa. Alifuata kidole changu kutoka Kongo mpaka Isansa.

"Umesoma, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nilipokuwa nafunga mafundo yale, moyoni nilisema mvua isije kwanza."

Miaka yote ile alikuwa amejibebesha ukame wa kijiji kizima. Nilitaka kumcheka kama ninavyowacheka wengine, nikashindwa.

"Kitu kimoja tu sijakielewa," akaendelea. "Kamba ilikaa ndani siku zote. Habari zake walizipata wapi?"

Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu upepo unatoka wapi, nikamjibu kwamba sijui.