Tulivyomuoza farasi wetu hapa Minnesota

Wakuu, salaam kutoka Burnsville. Ninachosimulia ni kweli tupu. Mama Neema naye ni member humu, nikiongeza chumvi atanirukia.

Tulipokuwa tunaishi Blaine tulikuwa na pony. Farasi mdogo, mweupe mwenye madoa ya kahawia, ndiyo maana tukamwita Chapati. Mpole mpaka anakera. Unamvuta sikio, anakuangalia tu.

Sasa mwenye nyumba akauza eneo lake, na sisi tukapata apartment Burnsville.

Apartment na farasi wapi na wapi?

Binti yangu Neema, miaka kumi na miwili, akaninunia. Akimpanda Chapati miguu inakaribia kugusa chini, lakini thubutu kumwambia! Akatoa sharti moja, kwa Kiingereza kama kawaida yao: "I get to say no."

Yaani asipowapenda watu, Chapati haendi. Nikakubali, ila roho ilikuwa juu. Tukihama bila kumpatia Chapati pa kukaa, ataishia mnadani, na huko hujui anaangukia mikono ya nani.

Nikapost tangazo, tunamtoa bure kwa watu wema. Akapiga mama mmoja wa Kizungu, Linda, ana kashamba huko kaskazini. Nikamwambia waje Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamwambia Mzee Shirima, tunayesali naye, "Mzee, njoo, kuna watu wanakuja kumchukua Chapati." Sasa huyu ndiye msemaji wetu kwenye posa zote za Wabongo hapa Twin Cities.

Si akatokea na suti!

Linda kafika na mumewe, mama Neema keshapakua pilau. Mzee akasimama, akakohoa. "So, what brings you to our home?"

Linda akanitazama. "Um... the pony?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Mzee wala hajali, awe farasi awe binti, kwake posa ni posa. Akauliza ukoo wao, kazi zao, kama kuna mlevi nyumbani. Mume wa Linda akaweka kijiko chini. Kisha Mzee akauliza, Chapati akizeeka, hawezi tena kubeba mtoto mgongoni, mtamfanya nini?



Linda akasema anaye farasi kipofu. Kila asubuhi anamtoa bandani mwenyewe, anamwongelesha njia nzima asije akagonga kitu.

Neema, aliyejikunja kwenye kochi na simu yake, akainua kichwa. "Okay," akasema. Basi.

Wakati wanaaga, Mzee akachomekea utani kwamba kwetu, anayechukua binti humletea mama mzazi blanketi. Tukacheka, yakaisha.

Siku ya kumchukua, Linda kaja na trailer. Na blanketi! Jipya, zito, la bluu. Mama Neema akanyoosha mikono, kigelegele kiko mdomoni.

Linda akampita, akampa Neema. "I was told this goes to the mother."

Nililia, sifichi. Neema akamkumbatia Chapati shingoni, akamwambia kwa Kiswahili, mtoto ambaye hata shikamoo tunamsukuma: "Nenda, mwanangu. Nitakuja kukuona."

Nilichojifunza ni kwamba ukimtoa unayempenda, uliza yote, hata ya aibu. Anayemtaka kweli atajibu.

Haya, mliowahi kumtoa mnyama wa nyumbani, mlifanyaje? Na mnaotaka kunicheka kwa kuoza farasi, karibuni, ila mama Neema mpeni pole. Mpaka leo anadai blanketi lake.