Mbuzi Wasiohesabiwa

Sijawahi kuchukia jembe kama nilivyolichukia kwenye ile shule ya kurekebisha wavulana, nje kidogo ya mji wa Isiolo, miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu pale. Vijana walioletwa na korti kwa wizi wa mifugo tuliwafundisha kulima ardhi isiyopata mvua, eti kazi itawanyoosha. Walichovuna ni malengelenge tu.

Nilimsumbua meneja mwaka mzima hadi akakubali jaribio langu: tununue mbuzi, tumkabidhi kijana Mborana wa Sericho aliyeletwa kwa kuiba ngamia. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza kama fisi naye nitampa bucha. Lakini ahadi ilikuwa wazi: muhula ukiisha bila mbuzi kupotea, kijana aandikiwe barua ya kurudi kwao mapema.

Muhula uliisha, hakupotea hata mmoja. Alikuwa akiwachunga upande wa Ngaremara bila mlinzi, na kila jioni akiwarudisha.

Afisa akaja kutoka Nairobi kukagua. Akasimama zizini, kalamu mkononi.

"Mbuzi wako wangapi?"

"Wako wote," kijana akajibu.

"Nimeuliza wangapi."

"Wote wamerudi, mzee."

Nikamkonyeza aseme. Akaangalia chini. Hasira zikanipanda, nikamfokea mbele ya watu kwamba ananiaibisha. Afisa akaandika kwamba mchungaji asiyejua idadi ya mbuzi wake hawezi kuaminiwa. Barua ya kwenda nyumbani ikafia hapo, na mbuzi wakauzwa juma lililofuata.

Mpishi wetu, Mborana wa Kiwanjani, ndiye aliyenieleza, maji yameshamwagika. Kwao mifugo hai haihesabiwi. Kuwahesabu wanyama ni kuwaitia balaa. Miaka sita nimeishi kati ya watu hawa, na sikuwahi kuuliza. Halafu najiita mwalimu.

Nilimfuata kijana shambani kumwomba radhi. Hakuacha kulima. Aliniuliza tu kama yule mbuzi mwenye sikio lililochanika amepata mwenyewe mzuri. Kisha akamtaja mweusi mwenye baka, wa kahawia anayechechemea, mama wa mapacha, mmoja mmoja kwa rangi na tabia, jembe likipanda na kushuka. Mimi nilikuwa nikikunja vidole. Walitimia wote ishirini na watatu.