Nusu ya Wimbo wa Kinu

Mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, ni mbishi. Nampenda, lakini ni mbishi, na ubishi wake ndio uliotufikisha hapa.

Usichanani kwake, hapa hapa Newala, alikuwa akitwanga makopa, muhogo mkavu, na Bibiana, binti wa jirani. Kinu kimoja, michi miwili, wanapokezana, na kila mchi na mstari wake. Sikudhani anasema, "Nimechota maji kwa kapu." Bibiana anajibu, "Likajaa vumbi tupu." Upuuzi mtupu, wimbo mzima unajipinga wenyewe, na wapita njia walikuwa wanasimama kuwacheka. Basi kila mmoja akashika upande wake tu, na wa mwenzake labda huo mstari wa kwanza. Mwenzako akisema, mchi wako wewe ndio unatua, puu, humsikii vizuri. Na ya nini kusikiliza, wakati mwenye maneno yuko mbele yako?

Wiki ya Bibiana kuolewa kwenda Lulindi, wakitwanga unga wa harusi, wakagombana: wimbo ulitoka wapi? Sikudhani akashikilia kwamba bibi yake, Mmakua, alivuka nao mto Ruvuma. Bibiana akasema ni wa Wamakonde tangu enzi. Mimi nimeuliza mpaka Tandahimba na hakuna anayejua. Lakini wale wakanuniana kwa kitu kisicho na mwenyewe, miaka thelathini na minane.

Bibiana alituma salamu mara mbili. Mwambieni aje tutwange. Mama mkwe akajibu mara zote mbili: akiri kwanza. Nilimsema mpaka mdomo ukaniuma.

Mwaka huu ameanza kusahau. Majina ya wajukuu yanampotea, juzi kaniita jina la marehemu dada yake. Wimbo, yaani nusu yake, haujampotea. Asubuhi moja akaniambia, "Mama Hamidu, nipeleke Lulindi. Nataka niusikie mzima kabla sijausahau na huu wangu."

Tukashuka Masasi, tukachukua bodaboda hadi kwa Bibiana. Mwanawe, Cyril, akatupokea vizuri, shikamoo zote, kisha akatuambia uwanjani kabla hatujaingia. Mama yake amepooza tangu kabla ya mavuno ya korosho. Hasemi tena.

Mama mkwe akaingia hivyo hivyo, akaketi kwenye mkeka karibu na kitanda. Bibiana akamtambua, machozi yakamtoka. Mimi nilitaka kutoka nje, nikashindwa.

"Wimbo ni wa kwenu, Bibiana," akasema mama mkwe. "Nimekiri. Haya, tutwange."

Akaanza. Nimechota maji kwa kapu. Mkono wa kushoto wa Bibiana, ule unaofanya kazi, ukapanda, ukatua kwenye godoro. Nimefika kesho jana. Ukapanda, ukatua. Maiti kashika jembe. Ukatua. Mistari kumi na minne, na kila zamu yake alipiga kwa wakati wake barabara, midomo inahangaika, sauti haipo. Maneno yote anayo. Yamo mle mle ndani.

Tulimzika Bibiana mwezi uliofuata.

Sasa ninatwanga na mama mkwe jioni. Anasema mstari wake, kisha anausimamisha mchi hewani, anangoja. Nimemwambia makopa hayatwangwi hivyo, mama, shusha. Ananisikia. Anangoja tu, mpaka mikono inamtetemeka, ndipo namnyang'anya mchi.