Kikombe Kimoja cha Naitrojeni

Mwalimu wetu wa fizikia hupuliza vidole kabla ya kugusa chochote, hata chaki. Kwenye kabati anatunza kigae cheusi alichopewa chuoni: chembe zake zisizoonekana, zikipoa sana, huisukuma sumaku ikaelea hewani. Ametuchorea mara nyingi. Mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona ikielea. Jana bwana mifugo alipita shuleni kwetu Buswelu na mtungi wa naitrojeni ya majimaji, baridi kupita barafu, ule wa kugandishia mbegu za ng'ombe, akaombwa kikombe kimoja.

"Kivuko cha Sengerema hakinisubiri, mwalimu," alisema, lakini akaimimina juu ya kigae kilichotolewa kabatini. Ukungu ukafurika mezani. Mwalimu akapuliza vidole, akaweka juu ya kigae kisumaku alichokitoa kwenye redio kaseti ya Dubai. Kikaelea! Akapitisha karatasi chini yake, akacheka kwa sauti nyembamba tusiyoijua. Bwana mifugo akavua kofia, akajibana kwenye dawati la mbele.

"Kivuko kiende. Rudia, mwalimu."