Mzee wa Upande wa Pili

Miaka ile ya wakimbizi, kila mtu Ngara alipata chake. Kuna waliopata kazi ya ulinzi, kuna waliopata turubai la kuezekea banda la mbuzi, kuna waliopata mchumba mwenye gari jeupe, kwa muda. Mimi nilipata muziki wa roki.

Nilikuwa na mgahawa Nyamiaga, kando ya barabara waliyopita watu wa mashirika wakienda kambini na kurudi. Nilipika ndizi na maharage, nikauza chai ya maziwa na maandazi, na mteja wangu mwaminifu alikuwa nesi mmoja wa Kizungu, mrefu, aliyekula maandazi kwa uma. Mkataba wake ulipokwisha aliniletea katoni ya kaseti pamoja na redio ya kuzichezea. Ndani mlikuwa na roki ya zamani, zamani hata huko kwao, na zile nyimbo zao za kienyeji, mtu mmoja na gitaa lake akilalamika. Zote zilirekodiwa nyumbani, hazikuwa na picha, zilikuwa na mwandiko wake tu. Alizipanga mezani akanionyesha nianze na ipi, ifuate ipi, na ipi niiache kwanza mpaka nikomae. Alipofika kwenye moja aliigeuza upande wa pili, akaigonga kwa ukucha, akafumba macho na kutikisa mabega. Nikadhani siafu wamemwingia.

Alipoondoka nikabaki mimi, mtaalamu pekee wa roki kati ya Nyamiaga na Kanazi. Kiingereza changu kilitosha kuuzia chai tu, lakini hilo halikunizuia. Mtaalamu hazuiwi na mambo madogo.

Hapa lazima niseme habari za betri. Nyumbani kwetu waziri wa betri alikuwa mume wangu. Betri mpya zilikuwa za taarifa ya habari tu, maana siku zile kila mtu alitaka kujua kulikoni ng'ambo ya mpaka, na yeye hakupenda jirani ajue kabla yake. Taarifa ikiisha alizitoa redioni, akazitia kwenye mfuko wa koti, akaenda nazo matembezini. Zikishachoka kabisa ndipo mimi nikazirithi. Nilizianika juu ya bati pamoja na mihogo, zikipata jua zinaamka kidogo. Kurudisha kaseti mwanzo nilitumia kalamu na mkono wangu, kwa sababu kumaliza betri kwa kazi ile ningejiona mwizi.

Kwa njia hiyo nilisikiliza katoni nzima, nikagundua kwamba Wazungu ni watu wenye huzuni kubwa. Waimbaji wao wote walikuwa wazee. Waliimba kwa sauti nzito, ya chini kabisa, taratibu, na mpiga ngoma wao alipiga moja, akapumzika, akapiga nyingine. Kaseti ya kwaya ya kigango chetu ikianza kuvuta namna ile, tulijua betri zimekwisha. Wazungu wakivuta, tulijua ni Wazungu.

Aliyewashinda wote alikuwa mzee wa upande wa pili, yule aliyemtikisa nesi mabega. Nilimpenda kuliko jamaa zangu wengi. Gitaa lilitangulia peke yake, kisha yeye akaingia na sauti iliyotoka chini ya ardhi, na kila alipofika kwenye kiitikio alionekana kama anataka kuacha, akajikaza akaendelea. Maneno sikuyaelewa, kwa hiyo niliweza kuyaeleza vizuri sana. Niliwaambia wateja kwamba mzee huyu ni mjane, anaishi mlimani penye baridi, mke wake alikufa na ng'ombe wakafuata, na sasa anawauliza majirani kwa nini hawaji tena kumtembelea. Watu wazima waliweka vikombe chini. Mwalimu mmoja aliniuliza nimesomea wapi.

Nikawa natoa muziki kama dawa. Mwenye kesi ya shamba nilimwambia akae, nikampigia roki ya magitaa mawili yanayogombana. Aliyeachwa na mke nilimpa yule mwanamume wa gitaa tupu, na nikamwonya asisikilize upande wote kwa siku moja. Mlevi nilimnyima kabisa, hakustahili. Wengine walikuja kunywa chai tu wakaondoka na maelekezo, nami sikuwa na aibu ya kumfuata mtu mpaka barabarani nikimweleza alichokikosa.

Msikilizaji wangu bora alikuwa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa Kirundi, aliyekuja toka kambini kushona barazani kwangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mpole, mwenye mikono mizuri. Yeye alizungumza Kirundi chake na mimi Kihangaza changu, tukaelewana bila kusumbuana. Habari za mume wake nilimwuliza mara moja. Alisema, "Alibaki njiani," akakata uzi kwa meno, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikurudia.

Siku ya kwanza aliposikia mzee wa upande wa pili aliacha kushona. Aliinama juu ya cherehani mpaka wimbo ukaisha. Kesho yake akaniomba, kwa adabu zake zote, "Dada, kama si usumbufu, ule wimbo." Ikawa hivyo kila siku. Nilimweleza mambo ya yule mjane, mlima, baridi, ng'ombe, nikiongeza kidogo kila mara, naye akaitikia, "Kumbe, dada." Kosa lake lilikuwa moja tu. Wimbo ukianza, mguu wake ulikanyaga cherehani mbiombio, hauendi na mzee hata kidogo. Nilimgombeza. Nilimwambia muziki wa majonzi una mwendo wake, na mguu wake hauna heshima. Akaomba radhi, akaendelea vilevile.

Baadaye alihamia Nyabusozi, Biharamulo, kwa shangazi yake aliyekuja na wakimbizi wa zamani na kuwa mwenyeji huko. Siku ya kuagana nilimpa ile kaseti. Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini nilikuwa nimemwona jinsi anavyokaa nayo. Kaburi la mume wake hakulijua. Alikuwa na ule wimbo.

Miaka ikapita, kambi zikafungwa, mgahawa nao ukafuata. Redio ilikufa, katoni ikaliwa na panya, na mimi nikabaki na utaalamu wangu bila ushahidi. Halafu juzijuzi, nikiwa tayari bibi wa watu na mwenye simu janja niliyonunuliwa na wanangu ili nisiwasumbue, yule fundi wangu akanipigia. Shangazi yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, yeye ndiye mama wa nyumba sasa. Ameomba misa ya kumwombea mume wake, ya kwanza tangu avuke mpaka. Kaseti ilikuwa imetafunwa zamani na redio ya jirani, lakini ganda lake analo.

"Wewe ndiye uliyenipa, dada," akasema. "Nitafutie wimbo wangu. Nataka baada ya misa tuusikilize nyumbani."

Yeye ana simu ya kitochi, haiwezi kazi hiyo. Akanisomea mwandiko wa nesi herufi moja moja, nami nikaandika kwenye simu, nikabonyeza, nikatengeneza uso wa msibani, nikasubiri mzee wangu.

Akaja msichana.

Gitaa lilikuwa lenyewe, hilo nililitambua, lakini lilikuwa linakimbia. Nyuma yake sauti nyembamba ya binti, anacheka katikati ya maneno, watu wanapiga makofi, ngoma haipumziki hata kidogo. Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Nikatafuta waliouimba wengine. Kisha nikatazama picha ya mwimbaji: nywele ndefu, nguo fupi, meno yote nje. Huyo ndiye mjane wangu wa mlimani.

Nilikaa kitako jikoni na akili ikaanza kurudi nyumba kwa nyumba kwa watu wote niliowahi kuwapa dawa. Nikatafuta na zile kaseti nyingine nilizokumbuka. Wote walikuwa vijana. Yule wa gitaa tupu, niliyemwandikia aliyeachwa na mke, alikuwa kijana mchangamfu anayeimba, kwa jinsi wanangu walivyonitafsiria, juu ya baiskeli yake. Wanangu walicheka mpaka wakatoka nje. Na mimi bado nasema, kama mtu anataka ushauri wangu wa kusikiliza roki ya zamani, asiisikilize kwenye simu. Atafute betri za mwezi uliopita. Wale vijana hawajui walichoimba.

Lakini kicheko changu hakikufika mbali, kwa sababu misa ilikuwa inakaribia. Nilijaribu kuudanganya wimbo. Simu yangu ina mahali pa kupunguza mwendo, nikapunguza, binti akaimba polepole kwa sauti ile ile nyembamba, kama mlevi anayejitahidi kusema kweli. Mzee hakutokea. Nikawaza kusema sikuupata. Nikawaza kuugua. Niliogopa kweli. Mwanamke yule amemlilia mume wake kwa ule wimbo miaka yote, na mimi niende nikamwambie kwamba alikuwa analia juu ya ngoma ya harusini, na aliyempotosha ni mimi.

Nilikwenda. Misa ilikuwa nzuri, padri hakuongea sana, watu wakala wali na ndizi uani, wakaaga. Jua lilikuwa bado liko juu. Tukabaki wawili sebuleni, yeye amevaa kitenge kipya, amezeeka vizuri, mikono ni ile ile. Akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Haya, dada. Wimbo wangu."

"Mtandao wa huku mbaya," nikasema.

"Ulisema umeshauweka kwenye simu."

"Chaji ndogo."

Akanitazama tu. Nikaona aibu, mtu mzima nimekaa nadanganya siku ya misa. Nikamwambia yote kwa mkupuo. Nikasema hakuna mzee. Hakuna mlima wala ng'ombe. Ni msichana, anacheka, ni wimbo wa kucheza, betri zangu ndizo zilizoufanya vile, na mimi mambo yote yale nilikuwa nayatoa kichwani. Nikasema anisamehe, kama hataki kuusikia tutasali rozari badala yake.

Akasema, "Najua ni msichana."

"Unajua tangu lini?"

"Mume wangu alikuwa na santuri yake, Bujumbura. Tuliucheza siku ya harusi yetu. Wageni walipanda juu ya viti."

Niseme kweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Nilikasirika. Nilikumbuka mahubiri yangu yote barazani.

"Na miaka yote ile nakueleza habari za mjane, unaniitikia kumbe, kumbe?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri, dada. Hata mimi nilimhurumia."

"Ungeniambia!"

Akawa anakunja ncha ya kitenge na kuikunjua. Kisha akasema, "Siku ile ya kwanza nililijua gitaa. Nikataka kukimbia nirudi kambini. Wimbo ungepigwa kama mume wangu alivyokuwa anaupiga, ningekimbia kweli na usingeniona tena. Lakini ulikuwa unakwenda polepole. Nikaona, kwa mwendo huu naweza. Basi nikawa nakuja, kila siku naweza kidogo. Nilikuwa namwomba Mungu mumeo asikupe betri mpya."

Machozi yalinitoka bila kuniuliza, nikayafuta kwa mkono uliokuwa na simu.

"Sasa uweke," akasema. "Mwendo wake mwenyewe. Usipunguze."

Nikauweka. Gitaa likaanza kukimbia pale sebuleni, na yeye akasimama, akanivuta mkono. Nikamwambia sijui kuucheza, mimi ninaujua wa kulia tu. Akasema nifuate. Mkono mmoja aliushika wangu, mwingine akauweka begani kwangu. Akaona ni chini mno. Akauondoa, akauinua juu zaidi ya kichwa changu, akauacha pale hewani, bega la mtu mrefu lilipokuwa, vidole vimekunjwa kidogo kama vimeshika koti. Tukacheza hivyo, mimi nakanyaga ovyo, yeye hakukosea hata mara moja, na macho yake yalikuwa yanatazama pale mkono ulipokuwa.

Msichana akamaliza. Mkono wake haukushuka.

"Rudia," akasema.