Mlango Ulioanikiwa Dagaa

Kwiii. Kwiii. Kwiii. Skrubu yenye kutu haitoki kimya kwenye mbao. Mpaka leo nikisikia fundi anafungua kitu chochote, hata kiti, mwili unanisisimka, kwa sababu hiyo ndiyo sauti iliyonikuta asubuhi ile nimepiga magoti nakanda unga wa chapati.

Nilidhani fundi amekuja kurekebisha bawaba ya juu, ambayo ilikuwa inalalamika siku nyingi. Hata nikafurahi. Nikamwambia karibu, chai inachemka. Hakunitazama. Huyu fundi alikuwa mteja wangu, anakula chapati na kusema atalipa akipata kazi.

"Dada, usinikasirikie," alisema. "Mimi natumwa tu."

"Umetumwa nini?"

"Mlango."

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mwenye nyumba, amejitanda blanketi mabegani, maana upepo wa Tunduma miezi ile ya baridi haumwonei mtu huruma. Kodi yangu ilikuwa imekwisha. Kwetu hapa kodi unalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na mimi nilikuwa nimemwomba anivumilie wiki moja, halafu nyingine, mpaka nikaona aibu kupita mbele ya baraza lake.

Jirani yangu, dada mmoja anayeuza mitumba, alitoka na mswaki mdomoni. "Wewe fundi," alimwambia, "na chapati za watu ulizokula, utazitoa tumboni na hiyo bisibisi?"

Wapangaji wakacheka. Na mimi nikacheka. Mimi ndivyo nilivyo, kicheko kinanitoka upesi hata pale ninapotakiwa kulia.

"Sijakufukuza, mwanangu," mama mwenye nyumba alisema, kwa sauti ya kusikika uani kote. "Watu wasije wakasema nimekufukuza. Chumba kaa. Ila mlango nimeununua mimi, na mimi nina mtoto chuo anadaiwa ada. Siku ukileta kodi, mlango unarudi."

Fundi akaubeba mgongoni. Chumba changu kikabaki kimeachama kama mdomo wa mtu anayeshangaa.

Niseme kidogo nilifikaje hapo. Shule niliishia kidato cha pili, kwetu Msangano, baba akaniambia tulime mpunga. Nikalima misimu miwili. Lakini kichwani nilikuwa na hoteli yangu. Siyo hoteli ya kulala, hoteli ya chakula, viti vyote rangi moja, na dirisha la kioo ili mtu akipita aone sambusa. Nikaja Tunduma kuuza chapati na chai kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Watu wote mjini wanaomba foleni iishe. Mimi peke yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba irefuke, kwa sababu dereva aliyesimama ndiye anayesikia njaa. Mwaka ule malori yakawa yanapita haraka. Nikawa narudi na beseni nusu, kesho robo tatu. Chapati nyingi tulikula mimi na jirani.

Nilitundika kitenge mlangoni, kile kizuri nilichonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikajiambia ni pazia tu, matajiri nao wanaweka. Ilipofika saa ya kwenda barabarani na beseni ndipo nikaelewa nimefanywa nini. Niliinua beseni, nikafika kwenye pazia, nikasimama. Ndani kuna mtungi wa gesi, jiko, godoro, unga. Nikitoka, nani atavilinda? Nisipotoka, kodi itatoka wapi? Nilishusha beseni, nikaliinua tena. Jirani alinihifadhia mtungi siku ya kwanza, lakini naye anashinda sokoni, na chumba chake kimejaa marobota mpaka analala upande.

Niliyekuwa naye moyoni ni baba. Kama chumba kingenishinda, ningerudi Msangano, na najua angenipokea vizuri, na hilo ndilo lingeniuma. Angesema, "Umerudi, mama," basi, bila neno la ziada, na asubuhi angenipa jembe.

Jioni ile baridi ilipoanza, mama mwenye nyumba alikuja kwenye pazia. "Utajifunika nini leo?" aliuliza. Nikasema nitavaa nguo zote. Akaondoka akinung'unika kwa Kinyiha, akarudi na blanketi, lile lile la asubuhi, bado lina joto lake.

"Mama, si bora ungenipa mlango?"

"Blanketi nakuazima. Mlango hapana."

Mlango wenyewe niliuona kesho yake. Alikuwa ameulaza juu ya matofali kwenye jua, ameanika dagaa.

Nilikaa chumbani kulinda vitu, siku zikaenda. Napika, nakaa, nauza chapati moja moja kwa wapangaji. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kinatazama kichochoro ambacho madereva wanapita wakitoka kwenye maegesho. Wengine walikuwa wakiona pazia wanapunguza mwendo. Mji wa mpakani una mambo yake, na msichana mmoja nyuma ya pazia watu wanamfikiria wanavyotaka. Nilikuwa nakaa na mwiko karibu, mkono juu yake.

Basi jioni moja mkono wa mwanamume ukalivuta pazia.

"Mulishani, mayo," alisema. Ndivyo Wabemba wanavyomsalimia mama. Alikuwa mzee wa makamo, dereva wa kutoka Zambia, kofia ya sufu kichwani. Mimi mwiko niko nao tayari hewani.

Aliutazama mwiko, akatazama jiko, akatazama sufuria. "Nshima ipo?"

Nilichelewa kuelewa kwamba anataka ugali. Alikuwa ameona pazia, amesikia harufu, akajua ni hoteli. Nani mwingine anaweka pazia bila mlango? Mimi nilikuwa na ugali wangu na maharage, chakula changu cha usiku.

"Ipo, baba," nilisema. "Karibu. Kaa kwenye ndoo."

Alikula kwa adabu, akanisimulia binti yake wa Kasama anayelingana na mimi. Alipomaliza akauliza bei. Sikuwa na bei. Nikataja ya barabarani, akalipa, akasema kesho ataleta wenzake. Nilidhani ni maneno ya shibe. Kesho yake wakaja wanne, mmoja akakalia ndoo, mmoja dumu, wawili wakakaa kwenye godoro langu nililolikunja.

Nikaazima benchi kwa jirani. Nikapika wali, ugali, maharage, asubuhi chapati. Madereva wakawa wanaita, "Hodi, mama hoteli," na mimi naitikia karibuni kama vile nilizaliwa naitikia hivyo. Hata fundi alikuja, akalipa deni lake lote, akasema analala vibaya tangu siku ile. Nilichora kwa chaki ukutani mahali dirisha la kioo litakapokuwa. Wateja wakishaondoka nilikuwa naogopa kama zamani, nakaza pazia kwa mawe, silali mpaka uchovu unishinde. Lakini mchana nilisahau. Sitasema uongo, mchana nilikuwa na furaha.

Mama mwenye nyumba alikuja siku moja wateja wamejaa. Alisimama, akahesabu vichwa kwa macho. Walipoondoka, akakaa kwenye benchi.

"Kumbe umefungua biashara."

"Nahangaika tu, mama. Natafuta kodi yako."

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi." Alipapasa goti lake lenye maumivu. "Sasa nikueleze vizuri. Mimi nilikupangisha chumba. Hii sasa ni fremu ya biashara. Kodi ya fremu siyo kodi ya chumba."

Nilidhani anatania. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ukitaka fremu, utalipa ya fremu, miezi sita, na mlango nakuwekea wa chuma. Ukitaka chumba, utalipa ya chumba, na hawa madereva wasionekane hapa."

"Mama, pesa yenyewe ninaipata kwa hao madereva."

"Najua, mwanangu. Na mimi chuo hawanielewi nikiwaambia habari za madereva."

Nilienda kwenye kopo langu. Fremu sikuifikia hata nusu ya nusu. Ya chumba nilikuwa nayo ya miezi mitatu. Nilimpa, mikono miwili, nikamwomba anivumilie kwa miezi mitatu iliyobaki. Alizigeuza zile noti taratibu, kwacha za Zambia ameziweka upande, akaguna.

"Chumba?" aliuliza.

Nilitazama ile chaki ukutani. Nikamfikiria baba akisema "Umerudi, mama."

"Chumba," nilisema.

Mlango ulirudi alasiri ile ile, umeegemezwa ukutani. Fundi alikuwa na kazi Vwawa, angerudi siku nyingine, na mimi sikutaka kulala tena nyuma ya kitenge. Mbao zilinuka dagaa. Magamba yalikuwa yamenasa kwenye nyufa, yanang'aa.

Nilitandika kibao cha chapati chini ili mlango unyanyuke usawa wa matundu, nikaukumbatia kwa bega, nikaanza kukaza skrubu kwa kisu cha mezani. Kilikuwa kinateleza. Nilikuwa kwenye bawaba ya chini nilipomsikia yule mzee wa Zambia nyuma yangu, na wenzake wawili.

"Mwafunga, mayo?"

"Tumefunga," nilisema. Nilisema tumefunga, kama wenye mahoteli wanavyosema, na nilikuwa peke yangu.

Alitaka kunishikia mlango, nikamwambia asante, unasimama wenyewe. Kama angebaki pale ningelia mbele yake. Akavua kofia kidogo, wakaenda zao kuelekea barabarani, wakijadiliana watakula wapi.

Skrubu ya mwisho iliingia upande, haijatulia mpaka leo. Nilishusha kitenge nikakikunja. Halafu nilitoka nje, nikaufunga mlango, nikarudi hatua nyuma kuona kama umekaa sawa. Kichochoro kilikuwa kitupu. Nikausogelea, nikagonga mara mbili kwa kidole kilichokunjwa.

"Hodi," nilisema taratibu, nikasubiri kidogo, nikaingia.